Kombo Hakuanguka Mnazini

Tangu nirudi, kila mtu ananisimamisha. Foleni ya sabuni, msikitini nje, hata yule mwuza kashata wa kona ambaye hajawahi kunisalimia, wote swali ni moja: Mwanaidi, uliaga unakwenda Mkwaja kwa bibi yako, umerudi mapema, unanuka dizeli na umejifunga khanga isiyo yako, kulikoni? Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka, na kila nikifika mahali nakuta habari imeshanitangulia, imeota mkia. Juzi kuna mtu kanipa pole kwamba mimi ndiye niliyevunjika. Nilikuwa nimesimama mbele yake kwa miguu yote miwili.

Basi nawaandikieni nyote mara moja. Mtapokezana karatasi. Atakayeipoteza ataikosa kabisa, maana daftari zenyewe mnajua zinavyopatikana.

Shule ilifungwa mapema kwa sababu chakula kilikwisha, hilo halina haja ya maelezo, sote tulikuwa pale tukiutazama ule unga wa njano ukitutazama. Mama akaona nikikaa Usagara nitakula na kucheka tu, na vyote viwili vinamchosha. Akaamua niende Mkwaja kwa bibi, kuliko na samaki na muhogo. Mabasi ya kwenda huko yalikuwa mawili. Moja lilikuwa na matairi halina mafuta, la pili lilikuwa na mafuta halina matairi. Ndipo Ba'mdogo Saidi, mdogo wake baba, akasema yeye anapeleka dizeli shamba moja la mkonge ng'ambo ya Pangani, akishashusha atanifikisha kwa bibi. Ba'mdogo ni dereva wa gari la mafuta la tajiri mmoja hapa mjini, mmoja wa hawa waliochipuka juzi juzi biashara ilipoanza kulegezwa.

Usagara hadi Kigombe

Gari lenyewe nililipa jina la Bibi Harusi, kwa jinsi lilivyong'aa. Si rangi. Rangi haipatikani, na upepo wa bahari unalila bati usiku na mchana, kwa hiyo Ba'mdogo kila wiki hulipaka tangi zima oili chafu lisishike kutu. Akimaliza yeye, anapanda utingo wake, Kombo, na ndoo ya mchanga, ananyunyiza ule ukanda wa juu anaopita. Mmoja anatelezesha, mwenziwe anakwaruza. Wamefanya kazi hivyo miaka, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini.

Juu ya tangi kulikuwa na vyuma vya kushikia. Nasema kulikuwa. Tajiri alivitoa kwa matengenezo. Kombo anasema vimekuwa dirisha la nyumba ya tajiri, Ba'mdogo anasema matengenezo bado yanaendelea.

Huyu Kombo ni Mpemba, mtu mzima, mke na watoto wako kwao. Hana viatu akiwa kazini, anasema kiatu hakijui kinakanyaga nini.

"Shikamoo Kaka Kombo," nikamwamkia.

"Marahaba. Weye ndo mzigo tulioongezewa?"

"Mzigo ni dizeli. Mie abiria."

"Dizeli haisemi," akasema. "Hebu panda ukae kati, tusikusikie sote kwa sikio moja."

Njia ya Kigombe mnaijua, na kama hamuijui shukuruni. Mashimo yake mengine yana majina. Kila tukisimama, Kombo alikuwa anaruka chini, anapanda ngazi ya nyuma, anatembea juu ya tangi mpaka kwenye mfuniko kutazama kama lakiri, ule muhuri wa bohari, ipo salama, halafu anarudi akipiga mluzi. Nikamwomba nami nipande.

"Huku juu hakupandi mtu mwenye maneno mengi," akasema. "Maneno yanavuta upande mmoja."

"Na weye huogopi?"

Ba'mdogo akacheka. "Usimwulize hilo. Sasa tutahubiriwa mpaka Pangani."

Na kweli tulihubiriwa. Kwao mtoto anapanda mkarafuu kabla hajajua kuvaa suruali. Babake alikuwa mwangushi wa nazi, babu yake pia, na katika ukoo mzima hajaanguka mtu. Kuna jamaa wa kijiji cha jirani yao aliwahi kuanguka mnazini, na mpaka leo watoto wake wakigombana na wenzao wanaambiwa kalale huko, baba yako alianguka mnazi. Alisimulia habari hiyo kama watu wengine wanavyosimulia habari za mwizi.

Kigombe tukapata pancha. Tukala muhogo wa kuchemsha na kachumbari ya pilipili kali sana, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Mama muuzaji akanifariji kwamba ndugu yangu aliyekufa yuko pema. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Akaniongezea kipande.

Pangani, kusubiri pantoni

Tulipoingia Pangani na kuteremka kwenda gatini, watu waliokuwa wamekaa kwenye mizigo yao wakasimama. Wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikatoa mkono dirishani nikawapungia.

"Teremsha huo mkono," Ba'mdogo akasema. "Wanashangilia dizeli."

Ilikuwa hivi. Pantoni haikuwa na mafuta. Ilikuwa imefungwa kamba gatini, na abiria walikuwa wamelala hapo, wengine wamejenga na mafiga. Walipoona gari la mafuta wakajua serikali imewakumbuka. Nahodha wa pantoni mwenyewe alikuja kwa haraka na mikono ameinyoosha.

"Alhamdulillahi, yamefika!"

"Haya si yenu, nahodha," Ba'mdogo akasema. "Haya ya shamba la mkonge."

"Shamba liko ng'ambo."

"Ndiyo."

"Utafikaje?"

"Kwa pantoni."

"Pantoni haina mafuta."

Wakatazamana. Mimi nilifurahi sana, ila nikaangalia pembeni kwa adabu.

Ba'mdogo alishikilia msimamo siku nzima. Lakiri ikikatwa kabla ya kufika, yeye ndiye mwizi, maelezo baadaye. Tukala boga la nazi na chai ya sukari guru, tukalala hapo hapo. Aliyemvunja nguvu hakuwa nahodha, alikuwa Bi Mize, mama mmoja mrefu wa Kipumbwi anayerudi kwao na masufuria ya kukodi kwa ajili ya arusi ya mwanawe. Asubuhi alikuja akasimama chini ya dirisha la gari, sufuria moja kichwani.

"Mwanangu Saidi. Ndo Saidi, eeh? Mie arusi yangu kesho. Bwana arusi kafika, biharusi yupo, mpishi yupo. Sufuria ndo hizi, ziko upande huu wa mto. Na weye umebeba bahari nzima ya mafuta mgongoni, umeikalia."

"Mama, si yangu."

"Sikukuuliza ya nani. Nimekuuliza unaikaliaje."

Hakuwa ameuliza, lakini Ba'mdogo alishindwa kulisema hilo. Akamwita nahodha, akamwapisha mbele ya watu kwamba akiulizwa na yeyote atakiri amechukua pipa moja. Nahodha akaapa. Kombo akapanda, akakata lakiri, wakapima kwa fimbo, wakatoa, wakapima tena.

"Mwanaidi," Ba'mdogo akaniambia, "hukuona kitu."

"Nimeona pantoni inapona tu."

Sasa hapa msikilize vizuri. Katika kutoa yale mafuta, kidogo yalimwagika juu ya tangi. Kidogo kwa siku za kawaida. Siku hizi, ambapo mtu anawasha koroboi dakika anayokula na kuizima, ile ilikuwa neema. Watu wakapanda na matambara, wakafuta, wakakamulia kwenye chupa, wakafuta tena. Kombo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walipoteremka, tangi lilikuwa safi kama sahani iliyorambwa na paka. Mchanga wote wa Kombo ulikwenda na matambara, ikabaki ile oili, imesuguliwa, inang'aa.

Tulipovuka na kuteremka Bweni, Kombo akasema tusimame achote mchanga.

"Tukishashusha," Ba'mdogo akasema. "Leo Ijumaa. Bwana Stoo wa shambani akiingia msikitini tumelala tena."

"Saidi, juu kule hapakanyagiki."

"Si unapanda hata mkarafuu wewe?"

Kombo akarudi garini. Ukishamwambia hivyo Mpemba, mazungumzo yamekwisha.

Bweni hadi shambani

Bi Mize tulimpakia na masufuria yake, njia ilikuwa moja. Ni mkonge mtupu kulia na kushoto, unapita mbele yako mpaka unahisi gari ndilo limesimama. Shambani tukapokelewa na Bwana Stoo, mtunza stoo wa pale, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa, uturi unafika kabla yake. Trekta za shamba zilikuwa zimepangwa mstari, zote kavu, zikitusubiri sisi.

Kupokea dizeli kuna utaratibu. Kabla haijashushwa, utingo anatumbukiza fimbo ndani ya tangi, anaitoa, na pale ilipoishia kulowa ndipo panaposoma kiasi. Fimbo ile imechongwa na kupigwa alama kwa tangi lile moja tu. Ikivunjika, bohari haikupakii mpaka uchongewe nyingine, na kuchongewa nyingine ni kumtafuta fundi, bwana wa vipimo na mbao, vitu vitatu visivyopatikana siku moja. Kombo alikuwa anailaza ile fimbo juu ya godoro na yeye analala chini. Hilo nimeliona Pangani kwa macho yangu.

Kwa kawaida mpokeaji anapanda akasome mwenyewe. Bwana Stoo hapandi. Utaratibu wake ni fimbo imfuate chini, tena mbio, kabla haijakauka.

"Leo panda, Bwana," Kombo akasema toka juu. "Huku kumeharibika."

"Na kanzu hii? Shusha nione, adhana hiyo inakuja."

Kombo akatumbukiza fimbo, akaitoa, akaja nayo kwa hatua fupi fupi hadi ukingoni. Akachuchumaa. Akainyoosha.

"Sioni alama. Shusha kidogo."

Akashusha kidogo.

"Kidogo tena."

Mguu wake wa kushoto ukaondoka. Haukuwa na kishindo chochote, uliondoka tu kama umeitwa. Mtu akianguka hutupa mikono kutafuta pa kushika. Kombo hakuitupa. Alikuja chini ameinyanyua ile fimbo juu kwa mikono miwili, kama mama anayevuka mto na mtoto, akatua kwa mguu mmoja kwenye zege, halafu akakaa.

Tukasikia mlio. Sitausimulia.

"Fimbo!" Ba'mdogo akapiga kelele.

"Nzima," Kombo akasema. Akaigeuza akaitazama huku na huku. "Nzima. Mguu ndo sijui."

Bwana Stoo akaipokea, akaisoma. Kweli naapa, aliisoma kwanza.

"Hapa pana upungufu," akasema.

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, na mfupa umetoboa ngozi. Bi Mize, ambaye alikuwa ameshaanza kusema kwao Kipumbwi kuna fundi wa mifupa anayeunga watu huku anaimba, aliinama akatazama, akageuza maneno. Akasema fundi wake hagusi jeraha lililofunguka. Hiyo ni hospitali, na ni sasa hivi, maana mguu wa namna hiyo ukichelewa wanaukata. Akaivuta khanga yangu bila kuomba, akaipasua, akafunga. Mimi akanipa yake ya juu. Hiyo ndiyo mliyoniona nayo.

Hospitali iko Pangani, ng'ambo ya mto tuliotoka kuuvuka. Gari letu haliwezi kuondoka: lakiri imekatwa, mzigo umeonekana pungufu, na Bwana Stoo ameshasimama mbele ya bampa. Trekta zipo, hazina dizeli. Dizeli ipo, haiguswi mpaka ipimwe upya mbele yake, kwa sababu yeye anaona utingo ameanguka ananuka mafuta, na mafuta yamepungua, na hesabu hiyo ameshaimaliza kichwani.

"Pipa moja limechukua pantoni," Ba'mdogo akasema. "Kamwulize nahodha."

"Nitamwuliza. Kwanza pima tena."

"Nani apime? Mpimaji si huyo?"

Ba'mdogo akashika ngazi. Akapanda kidato kimoja, akarudi chini, akashika tena, na Bi Mize akamwambia akae chini, tusije tukapata wawili. Hapo mimi nikajifunga ile khanga vizuri. Sina ushujaa, mnanijua, darasani nakimbia mjusi. Ila Kombo alikuwa amelazwa kwenye kibanda cha kukaushia, mguu juu ya bunda la mkonge, meno ameuma upindo wa kofia, na watu wazima watatu wanajadiliana habari ya pipa.

Bi Mize akanijazia mchanga kwenye kibwebwe. Nikapanda huku naumwaga mbele yangu. Juu sikusimama, nilikaa kama mtu aliyepanda punda, nikajisukuma mpaka kwenye mfuniko. Nikatumbukiza fimbo, nikaitoa.

"Haya lete," Bwana Stoo akasema.

"Njoo usome."

"Shusha, mtoto!"

"Sishushi. Aliyeshusha yule pale."

Kombo toka kibandani akasema kwa sauti ndogo, "Inakauka hiyo," kwa sababu hata akifa atakuwa anafikiria fimbo.

Bwana Stoo akakunja kanzu, akapanda. Ngazi aliimaliza vizuri. Akaweka mguu juu ya tangi, akauondoa, akauweka tena, halafu akalala kifudifudi. Alikuja kwangu anatambaa, akakumbatia mfuniko kwa mikono yote miwili, oili inapanda kwenye kanzu nyeupe. Nikamwekea fimbo mbele ya pua.

"Unaona?"

"Naona."

"Kiasi gani?"

"Pungufu ya pipa," akasema, macho ameyafumba. "Kama alivyosema. Kama alivyosema dereva." Halafu akapaza sauti, uso umebanwa kwenye bati: "Jazeni trekta! Mpelekeni mtu hospitali!"

Adhana ikaadhiniwa. Yeye aliisikia vizuri kuliko sote, alikuwa juu. Tulipoondoka bado alikuwa hajapata namna ya kuteremka.

Shambani hadi Bweni, kwa trekta

Kabla hatujaondoka, Ba'mdogo alinivuta pembeni. Yeye ilibidi abaki na gari na mzigo, kwa hiyo msindikizaji wa mgonjwa ni mimi.

"Ukifika wakikuuliza kaanguka wapi, sema mnazini."

"Mnazi gani?"

"Wowote! Pangani kumekosekana minazi? Ukisema gari, habari itamfika tajiri, tajiri ataulizia lakiri, na lakiri ikiulizwa mimi sina gari tena. Na Kombo naye sijui atasalimika vipi. Mguu watautibu ule ule."

"Nimwambie Kombo?"

Tulimtazama Kombo. Walikuwa wanampakia kwenye tela juu ya nyuzi za mkonge, na alikuwa anasoma dua zote anazozijua bila kupumzika kati.

"Mwache," Ba'mdogo akasema.

Trekta haina mwendo wa haraka. Ina mwendo wake na kelele ya haraka. Kila shimo Kombo alikuwa anaita jina la mtu wa kwao, mpaka nadhani kijiji kizima kilihudhuria. Niliushika mguu kwa juu na kwa chini kama Bi Mize alivyonionyesha kabla hajateremka njia panda na masufuria yake. Nikamsimulia Kombo vichekesho vyangu vyote vizuri. Hakucheka hata kimoja. Nikaingia kwenye vibaya.

Katikati ya njia akaniuliza, "Wataukata?"

"Hawaukati."

"Weye daktari?"

"Hapana."

"Basi nyamaza." Tukaenda kidogo. "Hebu sema tena hawaukati."

Nikasema tena. Nilisema mpaka Bweni.

Pantoni ilikuwa inafanya kazi, na mnajua kwa dizeli ya nani. Nahodha alipotuona akaondoka kabla haijajaa, jambo ambalo watu wa Pangani wanasema hawajawahi kuliona. Wale wale wa matambara wakambeba Kombo kwenye mlango wa kibanda uliong'olewa. Kijana mmoja alibeba huku chupa yake ya dizeli imechomoza mfukoni. Wala hakuona haya. Mimi pia sikumwonea haya, maana hata wakati huo sikuwa nimeunganisha chupa na mguu.

Pangani, wodi ya wanaume

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alifungua kitambaa, akatazama, akaagiza maji na dawa, na mikono yake haikusimama alipouliza.

"Ameanguka wapi?"

"Mnazini," nikasema.

Akanusa. "Mnazi huu unatoa dizeli?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona nikamilishe kazi. Nikasema ni mnazi mrefu sana, umeinama upande wa bahari, alikuwa anaangua madafu ya mgonjwa, na dizeli alikuwa amejipaka kwa ajili ya siafu. Mzee wa kitanda cha jirani akageuza uso ukutani, mabega yakimcheza. Daktari akasema basi siku hizi minazi ya hapa inawachagua watu wa magari ya mafuta, maana huyu si wa kwanza kuletwa.

Ndipo Kombo, ambaye tangu gatini alikuwa amefumba macho kama maiti, akayafumbua.

"Nani kaanguka mnazini?"

Nikamkonyeza. Nikamfinya kidole cha mguu mzima.

"Weye," nikasema.

"Mie?"

"Eeh, Kaka Kombo. Ule mnazi."

Akajiinua kwa viwiko. Muuguzi alijaribu kumlaza akashindwa.

"Daktari, usimsikilize mtoto huyu. Mie natoka Pemba. Sijaanguka mnazi, sijaanguka mkarafuu, sijaanguka mwembe. Babangu hakuanguka. Babu hakuanguka. Mie nimeanguka gari la mafuta, kazini, fimbo ya kupimia mkononi, na fimbo nzima. Andika hivyo."

"Kaka Kombo," nikasema, "Ba'mdogo kasema..."

"Saidi ni Mdigo. Hajui anachokisema."

Daktari akaacha mzaha. Akainama karibu yake, akamweleza polepole kwamba haya mambo yana tofauti. Ukiumia kazini, mwajiri anabeba matibabu na ujira wako mpaka upone, na ukibaki na kilema anawajibika nacho. Ukiumia mnazini, unajibeba mwenyewe. Kwa hiyo atafakari vizuri kabla hajatia neno.

"Hayo siyajui," Kombo akasema. "Mie nakwambia tu, mnazi siuanguki."

Akalala, akafumba macho, akarudi kwenye dua zake pale alipoziachia.

Mguu haukukatwa. Walisafisha, wakanyoosha, wakafunga hogo toka vidoleni mpaka juu ya goti, wakaacha kidirisha cha kusafishia jeraha. Daktari akasema atatembea, atachechemea, na kupanda juu ya kitu chochote asahau. Hilo la mwisho Kombo alijifanya hakulisikia.

Pangani hadi nyumbani

Kesho yake Ba'mdogo akavuka na gari tupu. Nilimngoja gatini nikamwambia yote, nikiruka sehemu ya siafu. Mkwaja hakuna aliyeitaja tena. Aliendesha mpaka tukaipita Kigombe.

"Ungemziba mdomo," akasema.

"Alikuwa amelala. Aliamka kwa neno mnazi."

Hakwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja kwa tajiri, akamweleza pantoni, pipa, lakiri, mguu, kabla hajayasikia kwa watu. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, akampokonya ufunguo. Lakini la Kombo hakuwa na pa kupita, daktari ameshaliandika ni la kazini, na nahodha naye alikiri kama alivyoapa. Analipia. Kombo akitoka atawekwa kwenye geti la yadi, akae kwenye kiti, afungue na kufunga. Ba'mdogo yuko nyumbani, anatengeneza majiko ya watu. Bibi Harusi amepata dereva mwingine na utingo mwingine. Nimeliona likipita hapa Usagara, linang'aa.

Wiki iliyopita Ba'mdogo alinichukua twende kumtazama mgonjwa. Tukabeba machungwa. Kombo alikuwa amekaa, amenyoa ndevu, na wodi nzima inamwita Mnazi. Wawili wale walisalimiana kwa kirefu, za nyumbani, za watoto, za mvua. Ba'mdogo akamenya chungwa, akampa, akamenya la pili.

"Neno moja tu, Kombo," akasema. "Neno moja lingeniachia gari."

"Nalijua."

"Sasa?"

Kombo akala chungwa lake mpaka likaisha. "Saidi, wangenirudisha kwetu na mguu mmoja ningekwenda. Lakini na habari ya mnazi? Nisingeteremka chomboni."

Ba'mdogo akafikiri. Akatema kokwa mkononi.

"Na kama angesema ngazi? Kwamba umeanguka ngazini, unatengeneza paa la mtu?"

Kombo naye akafikiri, kwa haki kabisa, akiutazama mguu wake.

"Ngazi?" akasema. "Ngazi ningekubali. Ngazi anaanguka mtu yeyote."

Ba'mdogo akaweka chungwa chini. Akageuka taratibu akanitazama mimi, kana kwamba ule mnazi niliuotesha mimi.